Nilivyomzika Bibi Mara ya Pili Kuua Mkahawa wa Ndugu Yangu

Bibi yangu nimemzika mara mbili.

Mara ya kwanza nililia mpaka sauti ikakauka. Mara ya pili nilikuwa nacheka moyoni. Kikapu chenye fuvu lake kipo kichwani kwangu, ngoma zinalia, ukoo mzima unacheza nyuma yangu, na mimi macho yangu yako kwa mtu mmoja tu, aliyesimama kwenye baraza la mkahawa wake, kapauka kama majivu.

Mtu huyo anaitwa Jahotman. Mtoto wa baba yangu mdogo. Kwetu huyo hatumwiti binamu, huyo ni mdogo wako kabisa, damu moja.

Siku hiyo nilikuwa namalizia kumzibia ziwa.

Ngoja nikupe tangu mwanzo, usije ukasema Lumongga ana roho mbaya bure bure.

Kwetu ni Tuktuk, kisiwani Samosir, ndani ya Ziwa Toba. Watu wa miji mikubwa, Medan na Jakarta, wakichoshwa na maisha wanakimbilia kwetu. Wanashuka kwenye feri, wanapiga picha, wanaoga, wanakula samaki wa kuchoma, wanarudi kwao wamependeza.

Mimi nilikimbia kinyume chao. Nilienda Medan nikiwa binti, nikakaa hotelini miaka kibao nyuma ya mashine ya kahawa. Nikaijua kahawa mpaka nikawa nikisikia tu sauti ya mashine najua kikombe hiki kitakuwa kichungu au kitakuwa sawa.

Kitu kimoja kilikuwa kinanikera. Kahawa nzuri kuliko zote pale hotelini ilitoka Lintong, milima ya kwetu, hapo tu juu ya ziwa. Inabebwa mpaka Medan, inauzwa kwa mbwembwe. Halafu mtalii akija Samosir anakorogewa kahawa ya pakiti.

Nikasema hapana. Narudi nyumbani nafungua mkahawa.

Mkahawa mdogo tu. Meza chache. Viti vyote vitazame maji, asiwepo mteja anayelipa huku kalipa ziwa mgongo. Kahawa ya Lintong nakaanga mwenyewe, harufu itoke nje mpaka barabarani iwavute watu pua. Pembeni ombus-ombus za moto, zile keki za unga wa mchele ndani ya jani la mgomba, katikati sukari nyekundu inayeyuka. Mvua ikinyesha watalii hawaogi, wanatafuta pa kukaa. Wakae kwangu.

Mahali palikuwepo. Nyumba ya mbao ya bibi, pale pale ukingoni mwa maji, imefungwa tangu afariki. Baba yangu naye alishatangulia, kwa hiyo nyumba ilikuwa mikononi mwa baba mdogo, mzee Monang.

Nikaenda kwake na mfuko wa sukari na sigara zake za karafuu. Nikamweleza.

"Chukua, mwanangu," akasema. "Nyumba isiyo na watu inaliwa na mchwa."

Neno la mdomo tu. Nani anamwandikisha baba yake mdogo?

Nikaanza kusafisha. Jahotman akaja kunisaidia. Mdogo wangu alikuwa na pikipiki, mdomo mtamu na hana kazi ya maana.

"Dada, mimi ni mikono yako," akasema. "Wewe fikiri, mimi nitabeba."

Nikamfundisha kila kitu. Kukaanga, kusaga, kupima, namna ya kupanga viti, namna ya kumkaribisha mgeni bila kumng'ang'ania. Hata jina nilimwambia: Kopi Ompung. Kahawa ya Bibi.

"Dah, dada, hilo jina ni noma," akasema, akalirudia mara mbili tatu kama mtu anayeonja pipi.

Kumbe alikuwa anameza.

Nikaenda Medan kutafuta mashine ya mtumba. Nikiwa kule homa ikanilaza, nikakawia kurudi. Siku narudi, nimekaa kwenye feri nimeikumbatia mashine yangu kama mtoto, nikaliona bango kwa mbali.

KOPI OMPUNG.

Moyo ukapasuka kwa furaha. Nikawaza, jamani huyu mtoto kaniwahi, kanitengenezea bango!

Feri ikasogea. Nikaona watu wamekaa barazani. Wanakunywa kahawa. Kwenye viti vyangu, wanatazama maji.

Nikatembea mpaka pale na mashine yangu mgongoni mwa mbebaji mizigo. Ndani kulikuwa na mashine nyingine, mpya, inang'aa. Jahotman kavaa aproni.

"Dada! Karibu mteja!"

"Mteja nani, Jahotman?"

Akafuta mikono taratibu. Akaniambia, "Tuongee kikubwa. Wewe ni mwanamke. Kesho utaolewa, mkahawa unahamia ukoo wa watu. Nyumba ni ya mababu, na mimi ndiye mtoto wa kiume."

"Wazo ni langu. Jina ni langu. Hata hicho kijiko unavyokishika nimekufundisha mimi!"

"Wazo si nyati wa kufugwa, dada. Halina alama ya moto sikioni."

Nikataka kumpokonya kile kijiko.

"Ila usijali," akaongeza, kwa sauti ya kusikika mpaka barazani, "nafasi kwako ipo. Tunatafuta mtu wa kuosha vikombe."

Wateja wawili wakacheka.

Baba Mdogo Monang alikuwa amekaa kona, moshi wa karafuu umemfunika. Nikamgeukia. "Baba Mdogo, si ulinipa mimi?"

Akatazama sigara yake. "Msigombane mbele ya wageni."

Basi. Hilo tu.

Niliondoka pale bila kuaga. Niliwaza kumtilia chumvi kwenye sukari. Niliwaza kiberiti. Niliwaza mambo ambayo hata hapa siyaandiki.

Mama akaniambia, "Mwachie Mungu, mwanangu."

"Mama, Mungu ana foleni. Mimi nina nafasi."

Nikapata kazi ya kuosha vikombe kweli, ila kwa shangazi yangu Tiolina, dada yake baba. Ana kilapo chake, kibanda cha kahawa kando ya barabara, wanakokunywa wazee wa kijiji na kucheza chesi kuanzia asubuhi. Mashine yangu ikalala stoo chini ya turubai.

Nikawa namfuatilia Jahotman kwenye simu. Watalii wanamsifia mtandaoni balaa. "Mandhari ya moto!" "Ziwa lote liko mbele yako!" "Nimekaa hapa nikasahau mke!"

Nikasoma, nikasoma. Nikagundua kitu. Hakuna hata mmoja aliyetaja kahawa.

Nilijua tu. Kahawa alikuwa anaiunguza mpaka inatoa moshi. Lakini nani anajali? Jahotman hakuwa anauza kahawa. Alikuwa anauza ziwa.

Kwa hiyo nikiliondoa ziwa, habari yake imekwisha.

Sasa ziwa unaliondoaje?

Jibu likaja lenyewe, limevaa kofia, linavuta sigara. Baba Mdogo Monang alipita pale kwa shangazi asubuhi moja, akaketi, akatangaza kuwa ukoo umekubaliana. Ndugu wa Jakarta wamechanga. Mifupa ya bibi ifukuliwe, ioshwe kwa manjano na ndimu kama desturi yetu, ipandishwe kwenye kaburi la zege, la ghorofa, la heshima. Siyo aendelee kulala chini ya udongo kama mtu asiye na wajukuu.

"Tutalijenga kule njia ya kanisani," akasema. Akanywa, akaondoka.

Shangazi alibaki anasugua glasi kwa hasira. "Kanisani, kanisani! Mama hakutaka kanisani. Siku ile anakata roho alisema nini? 'Mnilaze pale ninapofulia, nitazame maji.' Wanaume walikuwa nje wanabishana bei ya nyati wa msiba, wangesikia wapi!"

Mikono yangu ikasimama ndani ya maji ya sabuni. Nilikuwepo siku ile. Nilikuwa nimemshika bibi miguu. Alisema hivyo hivyo, neno kwa neno.

"Shangazi. Pale alipokuwa anafulia ni wapi?"

"Si lile jiwe kubwa, mbele ya nyumba yake."

"Na lile jiwe sasa hivi liko mbele ya baraza la nani?"

Shangazi akanitazama. Tabasamu likaanza upande mmoja wa mdomo, likasambaa polepole mpaka pengo likaonekana.

"Wewe mtoto una sumu."

"Nimeitoa kwa nani?"

"Kwangu," akasema, akarudi kusugua glasi huku anaimba.

Lakini binti kwetu hana sauti kwenye ardhi. Mimi ningesimama kikaoni ningeambiwa nikaangalie sufuria. Nilihitaji mtu ambaye baba mdogo hawezi kumwambia hapana.

Kwetu watu hao wapo. Ni ukoo aliotoka bibi, ukoo uliotupa mama. Wale wakisema, unainamisha kichwa, baraka zinatoka kwao. Na kaka yake bibi wa mwisho bado yu hai, kule mjini Pangururan, Babu Gayus, mzee mkavu kama kuni, masikio mazito, heshima nzito zaidi.

Nikampelekea samaki wa arsik, yule wa manjano na viungo, niliyempika kwa mkono wangu, ndani ya kikapu cha ukindu kama inavyotakiwa. Nikapiga goti, nikamsimulia maneno ya bibi.

Akala kwanza. Akamaliza kichwa cha samaki. Kisha akasema, "Bibi yako amekufa siku nyingi. Kwa nini unaniambia leo?"

Nikainama nikakusanya miiba.

"Haya, usinijibu. Nijibu hili. Dada yangu alisema hivyo, au hakusema?"

"Alisema, Babu. Shangazi Tiolina naye alisikia."

"Basi."

Siku ya kikao nyumba ya baba mdogo ilijaa. Mimi nipo jikoni na akina dada wenzangu, tunamimina kahawa. Baba mdogo akasimama, akaeleza kwa sauti kubwa habari za njia ya kanisani, kiwanja ni tambarare, malori ya zege yanapita vizuri. Watu wakaitikia.

Babu Gayus akainua fimbo.

"Dada yangu alitaka wapi?"

Baba mdogo akaanza tena habari za malori.

"Nimeuliza. Nyie mmemuuliza lori. Dada yangu mmemuuliza?"

Shangazi Tiolina akatoka jikoni, anafuta mikono kwenye kitenge. Akayasema maneno ya bibi mbele ya wote. Akaanza kulia. Na machozi yale, nakuapia, hayakuwa ya maigizo.

Jahotman akaruka kama kakanyaga msumari. "Pale haiwezekani! Pale mbele ya biashara yangu! Wageni wangu wataona nini?"

Babu akaweka kiganja sikioni. "Anasema nini huyu?"

Mtu akamrudia kwa sauti: "Anasema wageni wake hawataliona ziwa!"

"Aaa," Babu akasema. "Kwa hiyo dada yangu akae pembeni, watu wapige picha?"

Jahotman akamtazama baba yake. Baba mdogo akakaa chini, akasema kwa haraka, "Ukoo wa mama ukisema, sisi ni nani." Nikawaza, kumbe mzee muoga hivi!

Jahotman akazungusha macho chumba kizima, yakatua kwangu. Nilikuwa nimeshatoka jikoni, namwongezea Babu Gayus kahawa. Sikumwaga hata tone.

Kaburi likajengwa.

Jamani, kaburi! Ghorofa tatu. Zege mwanzo mwisho, vigae vya bluu, msalaba, na juu kabisa kinyumba cha Kibatak, kabila letu, chenye paa lililopinda kama pembe. Kila asubuhi nilikuwa napita makusudi kuangalia limefika wapi. Lilipofika kwenye magoti ya wateja wake, nikanunua pipi. Lilipofika kifuani, nikaanza kulala vizuri. Lilipopita vichwa vyao, nikamwambia mama leo tunakula nguruwe.

Na utamu zaidi, Jahotman naye ni mjukuu. Desturi inamtaka achange, akachanga. Inamtaka akoroge zege na wenzake, akakoroga. Anazibiwa ziwa kwa jasho lake mwenyewe, na hawezi kulalamika, maana ni bibi yake.

Ndipo ikaja ile siku ya ngoma niliyokuanzia nayo. Tulifukua mifupa, tukaiosha, fuvu likawekwa kwenye kikapu juu ya kitambaa cha ukoo, nikapewa mimi nilibebe. Lilikuwa jepesi mno. Mtu aliyenibeba mgongoni, kawa mwepesi kuliko mfuko wa kahawa.

Hapo nilisimama kidogo, siwezi kukudanganya.

Nikamnong'oneza, "Bibi, wewe unapata maji yako. Mimi nachukua changu."

Tukapanda ngazi. Jahotman barazani, kapauka. Nikamwinamia kichwa kwa adabu zote.

Mkahawa haukufa siku moja. Ulikohoa kwanza.

Watalii wanakuja na simu zao tayari, wanaketi, wanainua macho, wanakutana na zege. "Samahani, ziwa liko wapi?" Wengine wanapiga picha moja ya kaburi, wananyanyuka. Na wale waliobaki, kwa kuwa hawana cha kutazama, wakaanza kuonja kahawa. Hapo ndipo kiliponuka. Mtandaoni wakaandika, "Kahawa kama mkaa, mbele yake kaburi."

Akageuza viti vitazame barabara. Akachora ziwa ukutani, jamani, akachora ziwa! Mwisho akashusha bango mwenyewe, akapanda boti kwenda kutafuta kazi mbali, viwandani huko Batam. Sikumuaga. Nilisimama gatini nikamwangalia mpaka boti ikawa nukta.

Nilijiona mfalme.

Sasa sikia.

Asubuhi moja ya mvua, Baba Mdogo Monang akaja kilaponi. Shangazi alikuwa sokoni. Akaketi, akaniagiza kahawa, akavuta sigara yake mpaka nusu.

"Umefanya kazi nzuri," akasema.

"Kazi gani, Baba Mdogo?"

"Kabla ya kaburi, Jahotman alishakubaliana na tajiri mmoja wa Jakarta. Wavunje nyumba ya mama yangu, wajenge hoteli yenye bwawa la kuogelea." Akacheka peke yake. "Bwawa! Pembeni ya ziwa!"

Nikaendelea kuosha vikombe.

"Nilimkataza. Akaniambia, mzee, pumzika. Mtoto wa kiume ninaye huyo huyo mmoja, nikimfukuza nani atanizika? Nikawaza, mimi siwezi kubishana naye. Lakini kaburi halibishani na mtu. Tajiri alikuja, akalizunguka mara moja, akarudi kwenye boti yake."

Nikakiacha kikombe kwenye maji ya sabuni. "Lakini wewe ndiye uliyesema kanisani."

"Nilisema kwa sauti kubwa, siyo?" Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu siku ya bango. "Siku mama anasema yale maneno, mimi nilikuwa mlangoni. Nilisikia kama ninyi. Unadhani nilikuja hapa kuwatangazia akina nani habari za kanisani? Wazee wa chesi?"

Mvua ikazidi. Nikakumbuka alivyokaa chini haraka mbele ya Babu Gayus. Nikakumbuka nilivyomwita muoga.

Muda wote ule nilidhani nimeshika kisu. Kumbe mpini ulikuwa mkononi mwa mzee mwingine, anavuta karafuu kimya kimya.

"Na mimi?" nikamuuliza. "Ulipompa yeye nyumba uliyonipa mimi?"

"Wewe ni binti," akasema, kama anaeleza hali ya hewa. "Nilimpa mtoto wangu. Kisha mtoto akanishinda. Nikakumbuka kuwa upo, na una hasira. Hasira yako imetufaa sana."

Akatoa ufunguo, akauweka mezani.

"Nyumba chukua sasa. Hakuna mwingine anayeitaka."

Nilitamani kumwagia ile kahawa usoni. Badala yake nilifunga kilapo, nikamshika mkono kama mtoto anavyomshika baba, tukapanda pikipiki ya kukodi kwenye mvua hiyo hiyo mpaka Pangururan. Nikamsimamisha mbele ya Babu Gayus, nikamwambia, "Yarudie uliyosema kuhusu nyumba. Kwa sauti kubwa, unaiweza."

Akayarudia. Babu akatia baraka. Hapo hata mzee Monang hawezi kurudi nyuma.

Leo mkahawa ni wangu. Mashine ya mtumba iko juu ya kaunta. Kahawa ni ya Lintong, na siiunguzi.

Ila ziwa silioni. Nililipigia goti mwenyewe lizibwe, na limezibwa kweli kweli. Watalii wengi wanachungulia, wanaliona zege, wanapita. Wanaobaki ni mabaharia wa feri, walimu, akina mama wanaotoka sokoni, watu waliokuja kunywa kahawa. Sitajirika. Naishi. Kuna siku nakaa kwenye kiti changu, natazama vigae vya bluu, natukana kimoyomoyo, halafu namwomba bibi radhi maana ndiyo kusema namtukania nyumba.

Baba Mdogo anakuja kila asubuhi. Namhudumia wa mwisho, hata kama kafika wa kwanza. Nafasi yake kwenye lile kaburi imeshatengwa, ghorofa ya chini, upande unaotazama mkahawa wangu.

Juzi kaniuliza, "Lumongga, nikishalala humo, utakuwa unaniletea kahawa?"

Nikamwambia, "Hapana, Baba Mdogo. Utakuwa unasikia harufu tu."

Akacheka mpaka akakohoa. Mimi sikuwa natania.

Wewe uliyedhulumiwa na unapanga kulipiza, sikukatazi. Mimi nani nikukataze? Ila siku ya kuchimba shimo, kabla hujainua sururu, geuka nyuma uone nani kakaa kivulini anakusubiri umalize. Na uhakikishe shimo lenyewe halipo mbele ya mlango wa nyumba utakayokuja kuishi.